Ufito, Kifundo na Mkazi: Maneno ya Pwani katika Kueleza Fuwele za Jamii ya Peroviskaiti

Makusudi ya makala hii ni kueleza kwa Kiswahili muundo wa jamii moja ya fuwele ambayo imewashughulisha sana wataalamu wa kemia na fizikia katika miaka ya karibuni, na kutazama kama maneno tuliyo nayo yanatosha kuibeba maana yake. Jamii hiyo huitwa peroviskaiti, na tawi lake tutakalolitazama zaidi ni lile ambalo ndani yake metali huunganishwa kwa molekuli nzima badala ya atomu moja moja. Mifano nimeichukua Bagamoyo na pwani iliyo kaskazini ya Dar es Salaam. Fuwele hizo hazichimbwi huko. Lakini pwani hiyo ina kazi mbili za kale, yaani kuvuna chumvi na kujenga nyumba za miti na udongo, ambazo msamiati wake unafaa mno kwa jambo hili. Hoja yangu ni kwamba kuchagua kati ya neno hili na lile hakuamuliwi na masikio peke yake. Mara nyingine fuwele yenyewe ndiyo mwamuzi.

Chumvi ya majaruba

Atakayefika kwenye mashamba ya chumvi ya Nunge, Bagamoyo, ataona majaruba mapana yaliyozungushiwa kingo za udongo. Bahari inapojaa wakati wa bamvua, maji huingizwa humo, kisha kazi huachiwa jua na upepo. Kilo moja ya maji ya bahari huwa na takriban gramu 35 za chumvi za namna mbalimbali, nazo hazitoki zote pamoja. Kwanza hutengana kitu cha jamii ya chokaa. Baadaye hufuata jasi. Na chumvi ya kula haianzi kuganda mpaka maji yamepungua yakabaki kiasi cha sehemu moja katika kumi. Mwishoni husalia maji machungu yenye magnesiamu, ambayo fundi mzuri huyamwaga, kwa kuwa yakikaukia ndani ya chumvi huifanya inyonye unyevu wa hewa na kulowana ghalani.

Kwa hiyo jaruba ni darasa la kwanza la elimu ya fuwele. Hapana mtu anayezipanga chembe za chumvi. Hujipanga zenyewe, kila moja kwa zamu yake, maji yanapopungua polepole. Tukitwaa punje moja ya chumvi ya mawe na kuitazama juani, tutaona nyuso zilizonyooka na pembe mraba. Mwaka 1913 W. H. Bragg na mwanawe W. L. Bragg walitumia eksirei kuonyesha sababu yake. Ndani ya punje hiyo kila ioni ya sodiamu imezungukwa na ioni sita za klorini, yaani mbele na nyuma, kulia na kushoto, juu na chini. Na kila ioni ya klorini imezungukwa vivyo hivyo na sodiamu sita. Mchemraba mdogo unaojirudia katika mpango huo una ukingo wa nanomita 0.56, na nanomita moja ni sehemu moja katika bilioni ya mita. Katika ukingo wa punje yenye milimita moja michemraba hiyo hujipanga kiasi cha 1,770,000, mmoja baada ya mwingine, pasipo kupotoka.

Neno fuwele limekwisha kuzoeleka katika vitabu vyetu vya sayansi, nami sina ugomvi nalo. Lakini mfano wa chumvi unatufunza jambo ambalo mwanafunzi aghalabu hulikosa. Fuwele haimaanishi ung'avu wala uzuri wa kitu. Kioo cha dirisha kinang'aa nacho si fuwele. Fuwele ni utaratibu unaojirudia.

Peroviskaiti ni nini

Mwaka 1839 Mjerumani Gustav Rose alieleza madini yaliyopatikana katika milima ya Ural nchini Urusi, akayapa jina la Lev Perovski, mkubwa wa serikali aliyekuwa mkusanyaji wa madini. Yalikuwa na kalsiamu, titani na oksijeni. Madini hayo si ya Urusi tu. Huonekana pia katika miamba ya kimbalaiti, aina ile ile iliyobeba almasi za Mwadui. Tena mpango wake wa atomu umekutwa katika vitu vingi visivyo na kalsiamu wala titani. Madini yaliyo mengi kuliko yote katika sayari yetu, ambayo yamo chini sana ya ardhi na yalipewa jina la brijimanaiti mwaka 2014, yana mpango huo huo. Ndiyo maana wataalamu husema peroviskaiti wakiwa na maana ya jamii nzima.

Mpango wenyewe ni huu. Kila atomu ya titani imezungukwa na oksijeni sita, kama ilivyo sodiamu katika chumvi. Tukiziunganisha oksijeni hizo kwa mistari ya fikira tutapata umbo la nyuso nane, yaani piramidi mbili zilizogusana kitako kwa kitako. Kila ncha ya umbo hilo ni oksijeni moja, na oksijeni hiyo ni ncha ya umbo jirani vilevile. Majirani wawili wameshika kitu kimoja. Hivyo maumbo hayo huendelea pande zote na kufanya kiunzi. Kutoka titani moja hata nyingine ni nanomita 0.38 tu. Kati ya maumbo manane hubaki nafasi tupu, ambayo nitaiita chumba, na katika chumba hicho hukaa kalsiamu, iliyozungukwa na oksijeni kumi na mbili.

Mwaka 1926 V. M. Goldschmidt alitoa kanuni ya kukadiria kama viungo vitatu vya namna hii vitakubali kukaa pamoja. Kanuni yake hulinganisha ukubwa wa kinachokaa chumbani na ukubwa wa chumba. Kikilingana, kiunzi husimama wima. Kikiwa kidogo, kiunzi hujikunja kukifuata, na maumbo yake ya nyuso nane huinama huku na huku. Kikipita kiasi, kiunzi hakijengeki.

Mwaka 1978 Dieter Weber, mkemia wa Ujerumani, alieleza fuwele ambamo chumbani hakukai metali, bali molekuli ndogo ya kaboni, naitrojeni na haidrojeni. Mahali pa titani paliwekwa risasi, na mahali pa oksijeni pakawekwa vitu vya jamii ya klorini, kikiwamo iodini, yaani ile ile inayotiwa katika chumvi yetu na kuitwa madini joto. Fuwele za namna hii huitwa chotara, kwa kuwa zimechanganya vitu vya madini na vya kaboni. Mwaka 2009 watafiti wa Japani, pamoja na Tsutomu Miyasaka, walizitumia kugeuza mwanga wa jua kuwa umeme, wakapata asilimia 3.8 ya nguvu ya mwanga. Leo katika maabara kipimo hicho kimepita asilimia 25.

Pale kiungo kinapokuwa molekuli

Mpaka hapa kinachounganisha metali na metali ni atomu moja tu, oksijeni au iodini. Sasa tuiondoe atomu hiyo na kuweka molekuli. Jambo hili lilifanyika kabla ya mtu kujua maana yake. Mwanzoni mwa karne ya 18 huko Berlin ilipatikana rangi ya buluu iliyoenea dunia nzima, na iliyotumika baadaye katika michoro ya wahandisi. Mwaka 1936 J. F. Keggin na F. D. Miles walionyesha kwamba ndani yake chuma huunganishwa na chuma kwa sianidi, yaani kaboni moja na naitrojeni moja zilizoshikana. Umbali kati ya chuma na chuma ni nanomita 0.51.

Mfano wa pili ni fomati, inayotokana na asidi ya fomiki. John Ray wa Uingereza aliieleza asidi hiyo mwaka 1671 baada ya kuipata kwa chungu, na jina lake linatokana na neno la Kilatini la mdudu huyo. Fomati ina kaboni moja katikati na oksijeni moja kila upande, hata inaweza kushika metali mbili, moja kwa kila mkono. Mwaka 2008 watafiti, wakiwamo Anthony Cheetham na Harold Kroto, walieleza fuwele ya zinki na fomati yenye mpango wa peroviskaiti, ambamo molekuli yenye naitrojeni inakaa chumbani. Zinki na zinki ziko mbali kiasi cha nanomita 0.6. Fuwele za namna hii hupatikana kwa njia inayomkumbusha mtu jaruba: chumvi ya metali na asidi huyeyushwa pamoja, kisha huachwa zijipange zenyewe katika kimiminiko kilichotulia.

Ziko molekuli ndefu zaidi. Katika fuwele moja mashuhuri iliyoelezwa na Omar Yaghi na wenzake mwaka 1999, mafungu ya zinki yametengana kwa nanomita 1.29, na nafasi zilizomo ni pana hata gesi huingia na kutoka. Hiyo si peroviskaiti, bali ni ndugu yake katika ukoo wa viunzi vya metali na kaboni, ambao kwa ajili yake Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2025.

Kiungo au ufito?

Tuje sasa kwenye lugha. Molekuli inayounganisha metali mbili tuiiteje? Neno la kwanza linalokuja ni kiunganishi. Lakini wasomaji wa jarida hili wanajua kwamba limekwisha kukabidhiwa sarufi, nalo ni aina ya neno. La pili ni kiungo. Neno hili ni zuri, ijapokuwa limebeba maana nyingi, tangu viungo vya mwili hata viungo vya mchuzi. Kama shida ingekuwa wingi wa maana tu, ningelikubali, kwa kuwa muktadha hutosha kuzitenganisha. Shida yenyewe iko ndani zaidi, na ili kuiona yatupasa kuangalia jinsi viunzi hivi vinavyotikisika.

Katika peroviskaiti ya oksijeni majirani wawili wameshika atomu moja. Umbo la kwanza likizunguka kufuata mkono wa saa, huisukuma ncha ile ya pamoja, na jirani hana budi kuzunguka kinyume. Ni kama magurudumu mawili ya meno yaliyoumana: moja likienda huku, la pili huenda kule. Kutokana na sharti hilo moja, namna ambazo kiunzi kinaweza kuinama zinahesabika, na zimekwisha kuorodheshwa.

Weka molekuli mahali pa oksijeni, sharti hilo huvunjika. Molekuli ina ncha mbili, na kila jirani ameshika ncha yake. Majirani wawili waweza kuzunguka upande mmoja, na molekuli iliyo kati yao ikakaa mshazari. Zaidi ya hayo, safu nzima ya metali yaweza kusogea kidogo juu au chini ilhali safu za kando zimetulia. Katika oksijeni mwendo huo ni kama hauwezekani bila kuyaharibu maumbo. Katika fomati na sianidi ni jambo la kawaida. Kwa mchanganyiko wa miinamo hii mipya na misogeo ya safu, fuwele hupata sura ambazo peroviskaiti za zamani hazikuwa nazo.

Sasa tumtazame fundi wa nyumba ya miti. Husimamisha nguzo, kisha hupiga fito kwa ulalo, nje na ndani, na kuzifunga kwa kamba; ndipo hukandika udongo. Zamani miti mingi ya kazi hii ilitoka katika mikoko kama ile ya mlango wa mto Ruvu. Kabla ya kukandikwa, kiunzi kinaonekana chote. Nguzo moja ikididimia kwa sababu ya mchanga mlaini, fito zinazoishika huenda mshazari, na nyumba haianguki. Kama nguzo zingekuwa zimebanana bega kwa bega pasipo fito, ya kwanza isingezama bila kuziumiza za pili yake. Huo ndio msogeo wa safu niliokwisha kuueleza, nao hutokea kwa sababu ufito una urefu na una ncha mbili.

Kwa hiyo napendekeza kwamba molekuli inayounganisha metali iitwe ufito, kwa wingi fito: ufito wa fomati, fito za sianidi. Neno kiungo libaki kuwa jina la jumla, likijumlisha oksijeni na iodini. Kila ufito ni kiungo, lakini si kila kiungo ni ufito. Na tofauti hiyo ndiyo inayomwambia mwanafunzi kwa nini fuwele hizi mbili hazitikisiki namna moja. Mahali pa metali panapokutana fito panafaa kuitwa kifundo. Vivyo hivyo mwinamo na msogeo vinatosha kwa mienendo miwili, bila kukopa.

Mfano huu una mpaka wake, nao ni lazima utajwe darasani. Fito za nyumba hulala tu, na nguzo husimama. Katika fuwele fito hutoka kwenye kifundo pande sita. Nyumba hujengwa kwa mkono wa fundi kuanzia chini. Fuwele hujijenga kama chumvi jarubani. Mwalimu anayetumia nyumba kueleza umbo, na jaruba kueleza uzao wake, hatampotosha mtu.

Mkazi au mgeni?

Jambo la pili linahusu kinachokaa chumbani. Yako mazoea ya kukiita mgeni. Hapa pia fuwele inatudai tofauti. Katika viunzi vipana, kama kile cha mwaka 1999, maji na gesi huingia, hukaa, hutoka, na kiunzi husimama vile vile. Hao ni wageni kweli. Lakini katika peroviskaiti kilicho chumbani kina chaji ya umeme inayosawazisha chaji ya kiunzi. Kikiondoka, kiunzi hakina hesabu tena. Huyo si mgeni, ni mkazi.

Mkazi huyu ana tabia zake. Katika fuwele ya zinki na fomati, molekuli iliyo chumbani haitulii kwenye joto la kawaida. Hubadilishana baina ya mikao mitatu. Joto linaposhuka hata karibu na Kelvini 160, yaani takriban nyuzi 113 za Selsiasi chini ya sifuri, huchagua mkao mmoja na kutulia, na kiunzi kizima hubadilika kidogo kumfuata. Ndiyo maana kanuni ya Goldschmidt haikuweza kutumiwa hivi hivi kwa wakazi wa namna hii, ambao si duara. Mwaka 2014 Gregor Kieslich, Shijing Sun na Anthony Cheetham walionyesha jinsi ya kuipanua kwa kukadiria ukubwa wa molekuli kana kwamba inazunguka.

Kwa nini jambo hili lina uzito

Huenda msomaji akauliza faida ya kushughulikia miinamo ya vitu visivyoonekana. Jibu ni kwamba sifa za fuwele hutoka humo. Fuwele ikiinama na kusogea kwa namna fulani, upande wake mmoja huwa na chaji tofauti na upande wa pili, na kitu chenye tabia hiyo kina kazi nyingi katika vyombo vya umeme. Mwaka 2017 watafiti walieleza fuwele ya manganizi ya jamii hii, yenye fito za kaboni na naitrojeni, ambayo hutoa na kunyonya joto jingi inapobanwa na kuachiliwa, kwa shinikizo lisilozidi takriban mara 70 ya lile la hewa yetu. Badiliko hilo hutokea karibu na nyuzi 57 za Selsiasi, na kutoka hapo hata kwenye sanduku la baridi la mvuvi wa Bagamoyo bado ni safari. Lakini njia ya kupoza samaki pasipo gesi za kawaida za majokofu imeonyeshwa.

Iko na hatari, na hapa lugha ina wajibu. Fuwele za risasi na iodini zinazopokea jua huharibiwa na maji. Katika pwani yenye unyevu mwingi, kipande kilichopasuka chaweza kuachia risasi katika udongo na kisima. Tukileta chombo hicho kwa jina geni tu, mnunuzi hatajua kilichomo. Kiswahili kina neno risasi, na kila mtu anajua kwamba ni kitu cha kuogopwa, hata kama hulifikiri kwanza katika bunduki. Ni haki ya mtumiaji kuambiwa wazi kwamba ndani ya kiunzi hiki vifundo ni vya risasi.

Mtoto wa Bagamoyo anayesoma shule ya msingi kwa Kiswahili hukutana na kemia ya sekondari kwa Kiingereza. Anapofika hapo amekwisha kuona majaruba yakikauka, na pengine amemshikia babu yake ufito wakati wa kufunga. Maarifa hayo ni mtaji, nao hupotea pasipo mtu kuyaunganisha na kitabu. Jina la Perovski tutaliacha lilivyo, kwa maana majina ya watu hayafasiriwi. Lakini mpango wa atomu si jina la mtu. Ni maana, na maana ina haki ya kutafutiwa neno mahali watu wanapolitumia. Ninawaachia wataalamu wa istilahi maneno haya sita, yaani kiunzi, kifundo, ufito, chumba, mkazi na mgeni, wayapime. Wakiyakataa, wayakatae kwa kuonyesha mahali ambapo fuwele yenyewe inayakana.